Mchungaji John Flynn, Jirani wa Watu wa Mbali

Ni desturi njema kwa Wakristo kukumbuka maisha ya wale waliotutangulia, si kwa kuwasifu tu, bali tujifunze kwa mema yao na kwa mapungufu yao pia. Leo napenda kuwaeleza wasomaji habari za Mchungaji John Flynn wa nchi ya Australia. Hakuwa mtu wa Kanisa letu la Kilutheri, alikuwa Mpresbiteri. Lakini kazi yake iliigusa misheni ya Kilutheri, kama tutakavyoona, na jambo alilolihangaikia maisha yake yote ni lile swali ambalo mwanasheria alimwuliza Bwana wetu: jirani ni nani?

Nchi yenyewe

Australia ni nchi kubwa sana. Ukiipima ni kama Tanzania mara nane. Lakini watu wake wengi wanakaa pwani, katika miji kama Sydney, Melbourne, Adelaide, Brisbane na Perth. Ukiiacha pwani na kuingia bara, mvua inapungua, miti inakuwa mifupi, na udongo unakuwa mwekundu. Huko ndani wenyeji wa asili wamekaa kwa maelfu mengi ya miaka, wakijua kila kisima na kila mlima kwa jina lake. Waingereza walifika mwaka wa 1788, na baadaye walowezi wakaingia bara na makundi ya ng'ombe na kondoo. Mashamba yao yalikuwa makubwa mno, hata kutoka nyumba moja mpaka nyumba ya pili ilikuwa safari ya siku nzima, na pengine zaidi.

Katika maisha hayo magumu walowezi walishika desturi moja ambayo Waaustralia wanajivunia mpaka leo, nayo ni kutokumwacha mwenzako. Moto ukiwaka porini, au mto ukifurika, au mtu akipotea jangwani, majirani huja bila kubembelezwa, wala hawaulizi malipo. Desturi hii ina sababu yake. Katika nchi ya namna hiyo, anayenyima msaada leo ndiye atakayeuhitaji kesho. Lakini hata moyo mwema unahitaji njia. Jirani atakujaje asiposikia kilio? Naye akisikia, atafikaje ikiwa yuko mbali mwendo wa wiki mbili? Hapo ndipo ilipoanza kazi ya John Flynn.

Utoto na masomo yake

Alizaliwa tarehe 25 Novemba, mwaka wa 1880, katika kijiji cha Moliagul, jimbo la Victoria, mahali palipokuwa na wachimba dhahabu. Baba yake, Thomas Flynn, alikuwa mwalimu wa shule. Mama yake, Rosetta, alikufa mwaka wa 1883, mtoto akiwa hajatimiza miaka mitatu. Basi yeye na ndugu zake wakalelewa bila mama, wakihama kila baba yao alipohamishwa shule.

Alimaliza masomo ya sekondari mwaka wa 1898. Akatamani kwenda chuo kikuu, lakini fedha hazikuwapo. Kwa hiyo mwaka uliofuata akaingia kazi ya ualimu, huku akijifunza kupiga picha na kuwapa watu huduma ya kwanza. Vitu hivyo viwili vilionekana kuwa vidogo, lakini Mungu hapotezi kitu. Baadaye vyote viwili vilimfaa sana. Mwaka wa 1903 akaingia katika mafunzo ya wahubiri wasaidizi, akatumwa katika wilaya za mbali za misitu. Kisha, tangu mwaka wa 1907 hata 1910, akasoma elimu ya Mungu katika Ormond College mjini Melbourne.

Hata alipokuwa mwanafunzi hakukaa na vitabu tu. Alikwenda kuwahubiria wakata manyoya ya kondoo, watu waliotembea kutoka shamba hata shamba wakitafuta kazi. Akaona ya kuwa wengi wao huugua na kufa bila msaada wo wote. Basi mwaka wa 1910 akawaandikia kitabu kidogo cha kutia mfukoni, kilichowaeleza jinsi ya kufunga jeraha na kumtunza mgonjwa, tena na maneno ya ibada ya kumzika mwenzao ikiwa hakuna mchungaji. Tazama jinsi alivyoanza: hakungoja apewe cheo, alitoa alichokuwa nacho.

Kuingia bara

Januari 1911 akabarikiwa kuwa mchungaji huko Adelaide, akapelekwa Beltana, kaskazini ya milima ya Flinders. Mwaka wa 1912 Kanisa lake likamwagiza aende kaskazini akaichunguze hali ya watu wa bara. Akasafiri, akaona, akaandika taarifa. Mkutano mkuu wa Kanisa ulipoisoma, ulikata shauri mwezi wa Septemba mwaka huo huo kuanzisha misheni mpya kwa ajili ya bara, iliyoitwa Australian Inland Mission, na Flynn akawekwa kuwa msimamizi wake. Alikuwa na umri wa miaka 31. Kazi hiyo hakuiacha mpaka kufa kwake, yaani miaka 39.

Akaanza na wachungaji wa kusafiri. Hao walipanda ngamia, wakazunguka majimbo makubwa mno, mtu mmoja katika nchi ambayo ingetosha kuwa dola. Walibatiza, wakafungisha ndoa, wakazika, wakapeleka barua na vitabu. Tena akajenga nyumba za wauguzi mahali palipokuwa mbali na hospitali: Oodnadatta, Maranboy, Halls Creek, Birdsville na kwingineko. Katika kila nyumba walikaa wauguzi wawili, wanawake waliojitoa kwa muda wa miaka miwili. Kanuni yao ilikuwa kumpokea mgonjwa bila kuuliza taifa lake wala dhehebu lake.

Nyumba ya Alice Springs, iliyofunguliwa mwaka wa 1926, inastahili kutajwa. Joto la mahali pale ni kali sana, na Flynn mwenyewe aliifikiri ramani yake. Chini ya sakafu ilichimbwa njia ya hewa, na katika njia hiyo yakatundikwa magunia yaliyoloweshwa maji. Hewa ilipita katika magunia, ikapoa, ikapanda vyumbani, na hewa ya moto ikatokea juu ya paa. Hivyo mgonjwa alilala katika ubaridi bila mashine yo yote. Mambo hayo yanatuonyesha ya kuwa Flynn hakutenga akili na imani. Alimwomba Mungu, akachukua na kalamu.

Pamoja na hayo alichapa gazeti lililoitwa The Inlander, kuanzia mwaka wa 1913, akaweka ndani yake picha alizozipiga mwenyewe, ili watu wa mijini waone hali ya ndugu zao wa bara. Maana mtu hawezi kumhurumia asiyemjua.

Vifo viwili

Ndugu msomaji, nitakueleza habari za vifo viwili, upate kufahamu kwa nini nyumba za wauguzi peke yake hazikutosha.

Mwaka wa 1917, karibu na Halls Creek, kijana mchunga ng'ombe aitwaye James Darcy alianguka na farasi wake akaumia vibaya tumboni. Wenzake wakamchukua saa nyingi katika njia mbaya mpaka kwenye posta. Daktari hakuwapo. Mkuu wa posta, Fred Tuckett, alikuwa amewahi kufundishwa huduma ya kwanza na Daktari Holland wa Perth. Akampigia simu ya waya, kwa nukta na mistari. Daktari akajibu ya kuwa lazima mgonjwa apasuliwe. Tuckett hakuwa na vyombo, alikuwa na kisu kidogo cha mfukoni. Basi akampasua huku akipokea maagizo neno kwa neno kutoka mji ulio mbali zaidi ya maili 1,000. Daktari naye akaondoka Perth, akasafiri kwa meli ya kuchukua ng'ombe, kisha kwa motokaa na kwa njia nyingine yo yote aliyoipata. Alipofika Halls Creek baada ya siku nyingi, aliambiwa ya kuwa Darcy alikufa jana yake. Habari hiyo ikaenea Australia nzima, na watu wa mijini wakahuzunika kwa ajili ya kijana wasiyemjua.

Kifo cha pili kinatuhusu sisi Walutheri. Magharibi ya Alice Springs, karibu kilomita 125, ndipo palipo Hermannsburg, misheni ya Kilutheri iliyoanzishwa mwaka wa 1877 na wamisionari kutoka Ujerumani katikati ya watu wa kabila la Arrernte. Tangu mwaka wa 1894 Mchungaji Carl Strehlow alifanya kazi pale. Alijifunza sana lugha yao, na kwa msaada wa Wakristo wenyeji akalifasiri Agano Jipya. Mwaka wa 1922 akaugua, mwili wake ukavimba kwa maji, wala daktari hakuwako karibu. Wakamweka juu ya kiti, kiti kikafungwa garini, wakaanza safari ndefu katika mchanga na joto kuelekea kusini kwenye garimoshi. Mkewe na mwanawe wa miaka 14 walikuwa pamoja naye. Hakufika. Alikufa njiani, mahali paitwapo Horseshoe Bend, tarehe 20 Oktoba, mwaka wa 1922. Kule Hermannsburg, Mwinjilisti Moses Tjalkabota, Mwarrernte aliyekuwa kipofu, akaendelea kuwafundisha watu wake Neno la Mungu.

Wote wawili, Darcy na Strehlow, walikuwa na watu waliowapenda, waliowabeba kama wale wanne waliomchukua mwenye kupooza mpaka juu ya dari. Upendo haukupungua. Kilichopungua ni njia. Katika siku zile, kwenye eneo la karibu kilomita za mraba 2,000,000, madaktari walikuwa wawili tu.

Barua ya askari na fundi wa simu ya upepo

Mwaka ule ule wa 1917, Flynn alipokea barua kutoka kwa kijana aitwaye Clifford Peel, mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa amejiunga na jeshi la ndege. Kijana huyo alimwandikia jinsi ndege zingeweza kuwapeleka madaktari bara, akahesabu gharama, umbali na muda wa safari. Mwezi wa Septemba, mwaka wa 1918, Peel aliuawa vitani huko Ufaransa, akiwa na miaka 24. Hakupata kuona wazo lake likitimizwa, wala hakujua ya kuwa mchungaji yule aliitunza barua yake na kuichapa katika gazeti lake. Mbegu ilianguka mikononi mwa mtu mwenye subira.

Maana ilihitaji subira. Kwa miaka kumi Flynn alizunguka akiomba fedha, akiandika barua, akiwaonyesha watu picha. Wengi walimcheka. Ndege za siku zile zilikuwa za mbao na kitambaa, na ziliogopwa. Tena yeye aliona shida nyingine ambayo wengine hawakuiona. Hata kama daktari ana ndege, nani atamwita? Shamba lisilo na waya wa simu litatoaje habari? Basi kabla ya ndege ilitakiwa sauti.

Mwaka wa 1926 akamwajiri fundi aitwaye Alfred Traeger, kijana wa ukoo wa Kijerumani kutoka Australia ya Kusini, ambaye akiwa mtoto wa miaka 12 alikwisha kutengeneza simu kati ya nyumba yao na banda la vyombo. Wakaenda Alice Springs wakiwa na mitambo na betri nzito ndani ya motokaa. Mtambo mmoja wakauweka nyuma ya ile nyumba ya wauguzi, na wa pili wakaupeleka, wapi? Hermannsburg, kwenye misheni yetu ya Kilutheri. Mwezi wa Novemba, mwaka wa 1926, ujumbe ukapita hewani kati ya mahali hapo pawili, bila waya. Mahali ambapo miaka minne tu nyuma mchungaji alichukuliwa mgonjwa juu ya kiti, sasa palikuwa na njia ya kuita.

Lakini betri zilikuwa nzito na ghali, watu wa kawaida wasingeweza kuzitunza. Traeger akarudi Adelaide, akafikiri sana. Mwisho akabuni mtambo unaotoa nguvu yake kwa kukanyagwa kwa miguu kama baiskeli. Mama wa nyumbani aliweza kukaa kitini, kukanyaga, na kupeleka ujumbe. Mwaka wa 1929 mtambo wa namna hiyo ulianza kutumika katika shamba la Augustus Downs, Queensland. Na kwa kuwa watu wengi hawakujua alama za nukta na mistari, baadaye Traeger akatengeneza na kibao cha herufi, mtu akibonyeza herufi, mashine yenyewe ikapeleka alama zake. Baadaye tena watu wakaweza kusema kwa sauti.

Daktari arukaye

Mwaka wa 1926 alikufa tajiri mmoja, Hugh Victor McKay, mwenye kiwanda cha mashine za kuvunia ngano, naye katika wasia wake alikuwa ameacha pauni 2,000 kwa ajili ya kazi hii. Fedha nyingine zikachangwa. Kampuni ya ndege ya Qantas, iliyokuwa bado changa, ikakubali kukodisha ndege moja na rubani wake kwa malipo ya shilingi mbili kwa maili. Tarehe 15 Mei, mwaka wa 1928, kazi ikaanza katika mji wa Cloncurry, Queensland. Siku mbili baadaye, Daktari Kenyon St Vincent Welch akapanda ndege iliyoitwa Victory, ikiendeshwa na rubani Arthur Affleck, akaenda Julia Creek, umbali wa kilomita zipatazo 137. Walipotua, watu zaidi ya 100 walikuwa wamekusanyika kuwapokea.

Ndege ile haikuwa na simu ndani yake. Rubani alifuata mito, ua za mashamba, na nguzo za simu ya waya. Hata hivyo katika mwaka wa kwanza ilisafiri mara 50, ikaenda karibu maili 20,000, na wagonjwa 225 wakatibiwa. Mwanzoni yalikuwa majaribio ya mwaka mmoja tu. Lakini nani angeweza kuyakomesha?

Hapa nataka msomaji aangalie jambo moja. Watu hudhani kazi hii ilifanywa na daktari na rubani. Ukweli ni kwamba ilifanywa na watu wote. Mwenye shamba alisafisha kiwanja, akang'oa visiki ili ndege itue. Usiku majirani waliwasha moto kuonyesha mipaka yake. Mama alikanyaga mtambo huku mtoto wake akiungua homa. Kila shamba likapewa sanduku la dawa, na baadaye dawa zikatiwa namba, hata daktari aliye mbali akasema tu namba ya chupa na kiasi cha kumpa mgonjwa, na mtu asiyejua majina ya dawa akafanya kama alivyoambiwa.

Tena ikatokea faida ambayo watu hawakuitazamia. Saa zile ambazo hapakuwa na mgonjwa, wanawake wa mashamba walianza kusalimiana hewani. Mwanamke ambaye hapo kwanza alikaa miezi mingi bila kusikia sauti ya mwanamke mwenzake, sasa aliweza kuuliza habari za watoto, kueleza jinsi ya kupika, na kusikia nani amejifungua. Wote wenye mitambo waliwasikia, kwa hiyo mazungumzo hayo yalipewa jina la ndege wa kwao afananaye na kasuku, mwenye makelele mengi. Yalikuwa makelele ya furaha. Watu waliotengwa na mamia ya maili walifanyika kuwa kijiji kimoja.

Mwaka wa 1934 Flynn na Kanisa lake walifanya jambo lililo gumu kwa watu wengi. Kazi ilikuwa imekua kupita nguvu za dhehebu moja. Basi hawakuing'ang'ania ili wapate sifa. Waliikabidhi kwa chama cha watu wote wa Australia, ili kila jimbo na kila mtu aichukue kuwa yake. Mwaka wa 1942 ikaitwa Flying Doctor Service, yaani Huduma ya Daktari Arukaye. Mpaka leo inaendelea. Hata kwetu Afrika Mashariki, mwaka wa 1957, madaktari wapasuaji watatu, akiwamo Michael Wood, walianzisha Nairobi kazi ya madaktari wa ndege, na wagonjwa wengi wa Kenya na Tanzania wameokolewa nayo.

Jirani aliyesahauliwa

Sasa yanipasa kueleza jambo zito, maana maisha ya mtumishi wa Mungu yasipoelezwa kwa ukweli hayatufundishi kitu. Flynn aliwajali sana walowezi weupe wa bara. Lakini wenyeji wa asili, ambao nchi ile ilikuwa yao, ambao waliwachungia walowezi ng'ombe na kuwaonyesha visima, hakuwaweka katikati ya mpango wake. Kanuni ya kutouliza taifa wala dhehebu ilikuwa nzuri, lakini katika matendo misheni yake ilikuwa hasa kwa ajili ya wazungu. Wako wauguzi waliowatibu wenyeji kwa moyo wa huruma. Hata hivyo kazi haikupangwa kwa ajili yao.

Mtu aliyemlaumu waziwazi alikuwa wa Kanisa lake mwenyewe, Daktari Charles Duguid wa Adelaide. Yeye aliiona taabu ya wenyeji, magonjwa yao, na jinsi walivyodharauliwa, akasema ya kuwa Kanisa haliwezi kumpita mtu mweusi likaenda kumtibu mweupe. Kwa bidii yake ilianzishwa misheni ya Ernabella, mwaka wa 1937, kwa ajili ya wenyeji. Tusimhukumu Flynn kana kwamba sisi hatuna dhambi. Alikuwa mtu wa zamani zake, na wengi wa zamani zile walifikiri vivyo hivyo. Lakini tusimfiche. Mtu aliyeweza kuona mgonjwa aliye mbali maili 500 hakumwona vema yule aliyesimama mlangoni. Macho ya kibinadamu ndivyo yalivyo. Pengine huona mbali kuliko karibu.

Kwa neema ya Mungu kazi aliyoiacha ikawa pana kuliko mwenyewe alivyokuwa. Leo sehemu kubwa ya wagonjwa wanaochukuliwa na ndege zile huko bara ni wenyeji wa asili.

Mwisho wake, na habari ya jiwe

Mwaka wa 1932, akiwa na miaka 51, Flynn alimwoa Jean Baird, aliyekuwa karani wake na msaidizi mwaminifu katika kazi. Tangu mwaka wa 1939 hata 1942 alikuwa mkuu wa Kanisa la Presbiteri katika Australia yote. Alikufa mjini Sydney tarehe 5 Mei, mwaka wa 1951. Mwezi mmoja tu baadaye ilifunguliwa huko Alice Springs shule ya hewani, ambamo watoto wa mashamba ya mbali walifundishwa kwa mitambo ile ile ya Daktari Arukaye. Baadaye taifa likaiweka sura yake katika noti ya dola 20.

Majivu yake yalizikwa magharibi ya Alice Springs, chini ya Mlima Gillen. Rafiki zake wakataka kuweka juu ya kaburi jiwe kubwa la mviringo. Wakalichukua mahali paitwapo Karlu Karlu, karibu kilomita 400 upande wa kaskazini. Hawakuwauliza wenyewe. Kumbe mawe yale ni matakatifu kwa makabila ya Wakaytetye na Wawarumungu, na kuondolewa kwa jiwe hilo kuliwaumiza kwa miaka mingi. Hivyo hata juu ya kaburi la mtu mwema lilikaa kosa lile lile la kumsahau jirani.

Lakini habari haikuishia hapo. Baada ya mashauri marefu, mwaka wa 1999, jiwe lilirudishwa kwa wenyewe. Na Waarrernte, kabila lile lile ambalo Strehlow aliwahubiria, ambao kaburi liko katika nchi yao, wakatoa jiwe lao wenyewe liwekwe juu ya kaburi la Flynn. Ndilo lililopo pale hata leo. Fikirini, ndugu zangu. Watu ambao hawakuhesabiwa sawasawa katika mpango wake ndio waliolifunika kaburi lake kwa heshima. Hapo swali la mwanasheria lilijibiwa kama Bwana wetu alivyolijibu: aliyefanya rehema ndiye jirani, naye pengine ni yule tuliyempita.

Mafundisho kwetu

Wazee wa sharika na walimu wa Injili, tuchukue nini katika maisha haya? Kwanza, upendo unataka njia. Haitoshi kusema kwamba tunawapenda wagonjwa na wajane wa mitaa ya mbali. Ni nani atakayepata habari zao? Nani atakwenda, kwa njia gani, na siku gani? Usharika uliokwisha kujibu maswali hayo kabla ya msiba ni kama shamba lililokwisha kung'oa visiki kabla ndege haijaja.

Pili, kila mtu ana sehemu yake ya kukanyaga. Flynn alikuwa na wazo, Peel akawa na hesabu, Traeger akawa na mikono, McKay akawa na fedha, na mama asiyejulikana jina akawa na miguu. Kimoja kikikosekana, mgonjwa angalikufa. Tusidharau karama iliyo ndogo.

Tatu, tuutazame ua tulioujenga kuuzunguka ujirani wetu. Kila mmoja wetu anao; pengine ni wa kabila, pengine wa dhehebu, pengine wa mali. Flynn alivunja ua wa umbali, ambao watu wote walisema hauvunjiki, lakini ua mwingine aliuacha ukisimama karibu na nyumba yake. Basi tuanze mlangoni petu, kabla ya kwenda mbali, na Bwana aliye karibu na wote wamwitao atusaidie. Amina.